Nyanya Ndogo za Nzilani na Tangi la Lita Elfu Kumi

Waliowahi kula ndengu za Nzilani hukubaliana juu ya mambo mawili. Kwanza, ladha ile haipatikani kwingine, si Matiliku anakoishi, si mjini Wote, wala kwenye zile hoteli za barabara kuu zenye menyu ya plastiki. Pili, usimuulize anazipikaje, kwa sababu atakujibu kwa swali, na saa nzima baadaye utajikuta bado umesimama pale ukimweleza jinsi mama mkwe wako alivyokuwa akihifadhi chumvi.

Nzilani ana miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, ambako mvua huja kama mgeni wa serikali: hutangazwa sana, huchelewa, na haikai. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni ya wasichana huko huko Kitui, akikoroga githeri, mahindi kwa maharagwe, ya watu mia nne kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Katika miaka yote hiyo alisifiwa mara moja tu, kwa maandishi ya chaki kwenye mlango wa stoo: LEO ILIKUWA NA CHUMVI. Hakuyafuta. Mvua ndiyo iliyoyafuta, na kwa kuwa ni Kitui, ilichukua muda.

Mumewe, marehemu Nzomo, karani wa mahakama, alinunua ploti Matiliku wakati mkewe yuko jikoni huko Kitui. Akajenga nyumba ya mabati, likizo baada ya likizo, akafa kabla ya kuipaka rangi. Nzilani alipostaafu alihamia humo, akaipaka rangi mwenyewe, kisha akaketi na kuanza kuuliza maswali ambayo jikoni mwa shule hakuwa na nafasi ya kuyauliza. Alimuuliza nesi wa zahanati kwa nini presha hupimwa mkono wa kushoto. Alimuuliza mchungaji iwapo kweli wale watu elfu tano walikula mikate na samaki bila hata kitunguu. Mchungaji aliahidi kulichunguza jambo hilo, na sasa ni mwaka wa tatu.

Lakini swali lililomkaa zaidi lilikuwa nyuma ya jikoni yake.

Hapo, kati ya ukuta wa jikoni na ua, kuna kipande cha ardhi cha upana wa kitanda cha watu wawili. Kila mwaka mvua za Machi zikigusa tu, zinachomoza nyanya ndogo ndogo, za ukubwa wa gololi, mashada kwa mashada, nyekundu na chache za manjano. Hakuna aliyezipanda. Katika supamaketi ya Wote huziita cheri, na huziweka kwenye kisahani cha plastiki chenye kifuniko kana kwamba zitatoroka. Matiliku huitwa nyanya za kujiotea, na hutendewa kama jamaa aliyefika bila kutuma habari: hafukuzwi, lakini pia hatandikiwi kitanda. Wakati wa palizi jembe la mwanamke wa Kikamba hufika kwenye mche wa namna hiyo, huuzunguka, na kuendelea na safari. Ukimuuliza kwa nini hakuung'oa atakwambia hajui. Nzilani aliwauliza wanawake kumi na mmoja. Hakuna aliyejua.

Yeye mwenyewe alianza kuzipikia kwa sababu zilikuwa karibu. Nyanya kubwa ya sokoni huisaga kwenye kikwaruzio na kuikaanga na kitunguu mpaka ipotee, kama kila mtu. Hizi ndogo aligundua hazitaki kukatwa. Ndengu, hizo choroko za kijani, zikishaiva na mchuzi umekuwa mzito, hutupia vikombe viwili vya nyanya nzima, na majani ya dhania, hufunika sufuria, hupunguza moto, na kwenda kuketi. Baada ya muda husikia zikipasuka moja moja chini ya kifuniko. Hakuna mwiko. Ukikoroga umeharibu. Anayekula hukutana na nyanya katikati ya ndengu kama mtu aliyekutana na habari njema katikati ya barua ya kawaida.

Ndengu hizo ndizo zilizomfanya awe mpishi mkuu wa akina mama wa kanisa lake. Harusi, matanga, uzinduzi wa mimbari mpya: sufuria kubwa ilikuwa yake, na hakuna aliyepiga kura. Binti ya Kasiva, mwenyekiti wa akina mama, aliolewa juu ya ndengu hizo. Askofu mmoja alirudia mara mbili, na ya tatu akajizuia kwa kuwa alikuwa na mahubiri. Mwaka huu ulikuwa wa heshima kubwa zaidi. Mkutano wa akina mama wa kanda nzima ungefanyika Kalamba mwezi wa Agosti, makanisa kumi na nne, na sufuria ya ndengu ilikuwa imepewa Nzilani. Kwa mwanamke aliyesifiwa kwa chaki mara moja katika miaka ishirini na sita, hilo halikuwa jambo dogo, ingawa yeye alilitaja kana kwamba amepewa zamu ya kufagia.

Kisha, wiki ya kwanza ya Julai, mwanawe akapiga simu.

"Mwaitu," alisema Munyao, ambaye ni fundi wa umeme Nairobi na humwita mama yake hivyo, kwa Kikamba, hata akiwa na haraka. "Tangi iko njiani. Lita elfu kumi. Hutabeba maji tena."

"Elfu kumi," alisema Nzilani. "Mtu mmoja hunywa lita ngapi?"

"Si ya kunywa tu. Ya kila kitu. Nimeongea na fundi Kitheka, atakuja Jumatatu kujenga msingi. Nimemwambia nyuma ya jikoni, gata ya maji ya paa itaishia pale. Pale pa zile nyasi."

Zile nyasi zilikuwa nyanya. Ukambani mtu anaweza kukataa posa, anaweza hata kukataa cheo kanisani akisingizia magoti, lakini hakuna aliyewahi kukataa tangi. Mwanamke aliyekua akitembea kilomita sita na mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, hawezi kumwambia mwanawe kwamba hataki maji kwa ajili ya nyanya. Wangempeleka hospitali, na kule wangempima presha mkono wa kushoto.

"Asante, mwanangu," alisema.

Kwamba angehamisha nyanya tu halikuwa wazo jipya. Alishajaribu, misimu mitatu, na hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Alikuwa ametengeneza kitalu upande wa pili wa nyumba, akatia mbolea ya mbuzi, akahamishia miche kutoka nyuma ya jikoni. Akaifungia vijiti. Akamsikiliza afisa wa kilimo kuhusu kung'oa machipukizi ya kando. Na akaimwagilia, asubuhi jagi moja, jioni jagi moja, maji yale yale aliyoyanunua kwa mitungi, kwa sababu alikotoka yeye, ukikipenda kitu unakipa maji. Ikakua mirefu, ya kijani kibichi kama ya kwenye kalenda. Nyanya zake zikapasuka ngozi zikiwa bado mtini, na nyingine zikaiva vizuri, na zilipoingia kwenye ndengu zikawa na ladha ya mvuke. Mbegu ni zile zile, mikono ni ile ile. Nyuma ya jikoni, ambako hakuwahi kumwaga hata tone, zilikuwa tamu hadi kukera.

Kwa hiyo, alihitimisha, ni ardhi. Ile ardhi ina kitu. Akihamisha miche hahamishi kitu, na tangi likikaa pale, kitu kitakuwa chini ya tani kumi za maji mpaka mwisho wa dunia. Alikuwa na siku tano za kukijua.

Mtu pekee aliyeijua ploti ile kabla ya Nzomo alikuwa mwuzaji wake, Mzee Mutiso, jirani wa ng'ambo ya ua. Nzilani alikuwa ameuliza kila mtu Matiliku kila kitu isipokuwa Mutiso, kwa sababu ya urefu wa majibu yake. Ukimuuliza saa atakuanzishia ilivyonunuliwa. Lakini Jumamosi jioni alipita kwenye pengo la ua, akamkuta mzee ameketi kwenye kiti cha turubai akichambua maharagwe, akavuta gunia akakaa.

"Mzee, ploti yangu ilikuwa na nini zamani?"

Mutiso aliweka ungo chini. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amemsubiri mwaka mzima mtu wa kuuliza hivyo. Alianza na babu yake. Nzilani alivumilia. Babu alipokufa, baba akagawa, Mutiso akajenga hoteli pale pale, ya mabati, meza sita, kwa ajili ya wapakiaji wa maembe.

"Biashara ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa na watu. Biashara ni kitu kingine. Kosa langu lilikuwa kachumbari. Niliitoa bure. Mtu ananunua chapati moja, anakula kachumbari sahani mbili."

"Kachumbari ya nyanya gani?"

"Hizi ndogo. Za kujiotea. Ungetaka niwape watu nyanya ya kununua bure? Wanawake walikuwa wanazileta na debe."

Nzilani alisogeza gunia lake karibu. Kuna maswali ambayo mtu huyauliza polepole kwa sababu jibu tayari limeanza kubisha.

"Na wakimaliza kula, walikuwa wanaenda wapi?"

"Nani?"

"Wapakiaji."

"Nyumbani."

"Kabla ya nyumbani, Mzee."

Mutiso aliangalia ua. Kisha akaangalia maharagwe yake, akatoa moja bovu, akalitupa. "Choo kilikuwa kule kwako," alisema.

"Kule kwangu wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Lakini jikoni haikuwepo. Nilikijaza mawe na udongo kabla sijamuuzia Nzomo. Kazi safi, hakuna mtu angejua."

"Nzomo alijua?"

"Hakuuliza."

Hilo Nzilani aliliamini mara moja. Aliolewa na mtu ambaye hakuwahi kuuliza, na pengine ndiyo sababu yeye aliuliza kwa wawili.

"Kilikuwa na kina gani?"

"Futi ishirini na tano," alisema Mutiso, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo alionekana na fahari. "Tulichimba watu watatu. Ilikuwa hoteli, Mama Munyao. Si mchezo."

Nzilani alirudi nyumbani kupitia lile pengo la ua, akasimama mbele ya nyanya zake. Alielewa haraka kuliko alivyopenda. Wapakiaji walikula mbegu, mbegu haisagiki tumboni, na iliyobaki ilikuwa historia. Zimekuwa zikijiangusha na kujiotea tangu hapo, kizazi baada ya kizazi, juu ya choo cha hoteli. Na ile ladha, basi, ilikuwa ya... Hakuimaliza sentensi hata kichwani. Alihesabu harusi nne, matanga asiyoyakumbuka idadi, na askofu mara mbili.

Jumapili baada ya ibada alimvizia afisa wa afya wa kata nje ya kanisa, akamuuliza kwa mafumbo kuhusu shimo la zamani la rafiki yake. Afisa alisema kwamba baada ya miaka zaidi ya ishirini hakuna cha kuogopa, huo ni udongo kama udongo mwingine, labda bora. Nzilani alimuuliza kama angeweza kuja kuwaambia hivyo akina mama. Afisa akasema wiki hiyo ana warsha.

Jumatatu asubuhi Kitheka alifika na vigingi, kamba, na pimamaji. Kitheka ni fundi mzuri wa mawe, mwimbaji wa besi katika kwaya, na ni mtu ambaye ukimwambia kitu kwenye kisima, kitafika sokoni kabla ya mtungi wako kujaa. Alipiga kigingi cha kwanza katikati ya nyanya.

"Kitheka," alisema Nzilani kutoka mlangoni. "Msingi wa tangi unataka ardhi ya namna gani?"

"Ngumu. Lita elfu kumi ni tani kumi, Mama Munyao. Ni kama kuegesha lori hapa, halafu lisiondoke."

"Na kama kulikuwa na shimo?"

"Shimo gani?"

"La takataka."

Kitheka alitikisa mkono. "Hilo halina shida. Takataka ni futi nne, tano. Nafukua, naweka mawe makubwa, natupia vyuma na simiti, tunaendelea." Akainama kuchukua kigingi cha pili. "Lilikuwa futi ngapi?"

Hapo ndipo Nzilani aliposimama, na chai yake mkononi ikapoa. Akisema tano, Kitheka atajenga. Nyanya zitakwisha, siri itakwisha nazo, na sufuria ya Kalamba itabaki yake, hata kama ndengu zitakuwa za kawaida. Kisha siku moja ya Novemba, tangi limejaa mpaka shingoni, litainama polepole upande wa jikoni, na yeye atakuwa ndani akisubiri kitu kipasuke chini ya kifuniko. Au atakuwa ndani mtu mwingine. Akisema namba ya kweli, namba hiyo itajieleza yenyewe.

"Ishirini na tano," alisema.

Kitheka aliweka nyundo chini taratibu, kama mtu anayeweka kombe la meza ya Bwana.

"Mama Munyao," alisema, "hakuna mtu huchimba shimo la takataka futi ishirini na tano."

"Hakuna," alikubali Nzilani.

Kitheka aliangalia nyanya. Nyanya, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Julai, zilikuwa zimeiva vizuri sana. Aliangalia jikoni. Unaweza kusema kwamba uso wake ulikuwa unapitia sahani, moja baada ya nyingine, kuanzia harusi ya binti ya Kasiva.

"Hizo ndizo huwa unatia?" aliuliza.

"Ndizo."

"Zote?"

"Zote, Kitheka. Chukua vigingi vyako twende upande wa pili."

Msingi ulijengwa upande wa pili wa nyumba, juu ya kitalu kile cha mbolea na vijiti, ambacho hakuna aliyekililia. Munyao alilipia gata ndefu zaidi bila kuuliza, maana alimfuata baba yake. Na Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, Nzilani aliingia na mazungumzo yakawa ghafla juu ya bei ya unga.

Kasiva alikuja Ijumaa na wenzake wawili. Walikaa sebuleni, wakashukuru kwa chai, wakaiacha ikae. Kasiva ni mwanamke wa kutafuta maneno, na siku hiyo aliyatafuta mbali.

"Dada Nzilani, hatujasema ni vibaya."

"Hamjasema."

"Hata udongo wote, ukiangalia, ulitoka mahali."

"Ulitoka."

"Tunasema tu, Kalamba tutumie nyanya ya soko. Kubwa. Zinajulikana." Kasiva alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Na kama unasikia umechoka, wale wa Kalamba wamesema wanaweza kushika hiyo sufuria. Wana mpishi wao, anaitwa Ndunge. Anapika vizuri, wanasema."

"Sijachoka," alisema Nzilani. "Wewe ulikuwa umekula sahani ngapi, Kasiva, kwa jumla?"

"Dada Nzilani."

"Nauliza tu. Uliwahi kuumwa?"

Kasiva alifikiri kwa uaminifu, kwa kuwa ni Mkristo. "Hapana," alisema. "Lakini nilikuwa sijui."

Wakakubaliana, kama makanisa yanavyokubaliana, kwamba hakuna lililoamuliwa na kwamba litaombewa. Maana yake Nzilani aliielewa: akifika Kalamba na ndengu za nyanya ya soko, atakuwa mpishi kama wapishi wengine, na mwaka ujao sufuria itakwenda kwa Ndunge kwa adabu. Akifika na zile zake, hakuna kijiko kitakachonyanyuliwa.

Siku ya soko alikwenda kwa Sauda kununua binzari. Sauda anauza viungo na leso kwenye duka la mawe karibu na stendi. Familia yake ilitoka Mwingi, na kabla ya Mwingi ilitoka pwani, na yeye hununua na kuuza habari kwa uaminifu ule ule anaotumia kwenye mizani.

"Nimesikia," alisema Sauda kabla hajasalimiwa. "Kitheka alipita hapa kununua pilipili manga. Hali pilipili manga, yule. Alitaka kusema tu."

"Cheka umalize," alisema Nzilani.

"Nilimaliza jana." Sauda alifunga binzari kwenye kipande cha gazeti. "Lakini sasa mimi nina swali, na wewe ndiye mwenye maswali. Zile ulizonipa mwaka jana, zilizoiva kupita, za kachumbari. Zilikuwa zimevujia mfuko. Nilizitupa nyuma. Njoo uone."

Nyuma ya duka palikuwa na ukuta, jua kali, na lundo la kokoto lililobaki tangu duka lijengwe. Katikati ya kokoto, ukiwa umejitandaza kama mtu aliyelala usingizi mchana bila aibu, palikuwa na mche wa nyanya ndogo. Majani yake yalikuwa machache, yamejikunja, rangi ya vumbi. Mtu yeyote angesema unakufa. Ulikuwa na mashada tisa.

Nzilani alichuma moja, akaifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaiweka mdomoni. Alisimama pale muda mrefu kuliko nyanya moja inavyohitaji.

"Ni ile," alisema.

"Ni ile," alisema Sauda. "Nilidhani ni mimi tu."

"Hapa palikuwa nini kabla ya duka?"

"Jiwe."

"Chini ya jiwe?"

"Jiwe lingine, Mama Munyao. Fundi alichukua mwezi mzima kulivunja. Hakuna mtu amewahi kuchimba choo hapa, hata angetaka."

"Unatia mbolea?"

"Mbolea nitoe wapi, nauza mdalasini."

"Unamwagilia?"

Sauda alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama anaogesha kuku. "Maji ya kununua? Nizipe kokoto?"

Nzilani alichuma ya pili. Akala ya manjano pia, kwa haki. Misimu mitatu alikuwa ameziogesha nyanya asubuhi na jioni kama watoto wachanga, akizipa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na zikamrudishia maji yale yale ndani ya ngozi nyekundu. Na zile za nyuma ya jikoni hakuzipa kitu kwa sababu hazikuwa za mtu, nazo zikaweka kidogo zilichopata mpaka kikawa utamu. Haikuwa choo. Ilikuwa kiu. Choo kilizileta tu, na kiu ndiyo iliyozipika.

Alihisi furaha, na pia alihisi kwamba ametukanwa kidogo.

"Sauda," alisema, "hizi zitatosha sufuria ya Kalamba?"

"Kuna mche mwingine kule kwenye kona. Na mwingine umeingia kwa jirani. Lakini sharti unipe swali moja nikuulize. Kwa nini hukusema lilikuwa shimo la takataka?"

"Nilimwambia hivyo Kitheka," alisema Nzilani. "Akauliza kina."

Siku mbili kabla ya mkutano, wajumbe watatu wa akina mama wakiongozwa na Kasiva walifika nyuma ya duka la Sauda kufanya ukaguzi. Walikuja na leso za pua mkononi, lakini palikuwa na harufu ya karafuu tu. Kasiva aligonga kokoto kwa ncha ya kiatu chake cha kisigino chembamba. Mmoja aliuliza ni futi ngapi hadi chini, Sauda akampa nyundo ajionee. Waliondoka na binzari, iliki, na leso moja, na Sauda alisema baadaye kwamba angependa kanisa likague mara nyingi zaidi.

Kalamba, Nzilani alipika mbele ya watu. Ndunge, mpishi wa huko, ambaye alikuwa na mwiko wake mwenyewe na alikuja nao, alisimama kando. Nzilani akatupia nyanya nzima, akafunika, akapunguza kuni, akavuta kigoda.

"Hukorogi?" aliuliza Ndunge.

"Sikiliza."

Ndunge aliinama. Chini ya kifuniko, moja moja, zilianza kupasuka. Aliuweka mwiko wake juu ya meza, na hakuuchukua tena siku ile.

Kasiva alikula sahani yake amesimama, kama mtu aliye kazini. Kisha akaketi na ya pili.

"Hii," alisema, "iko sawasawa na ile."

"Ni ile ile," alisema Nzilani.

"Kwa hivyo ile haikuwa..."

"Haikuwa."

Kasiva alimeza. Kulikuwa na hesabu nyingine inayopita usoni mwake, ya majuto sasa. "Na zile za kwako," aliuliza kwa sauti ya chini, "zinafanya nini siku hizi?"

"Zinaiva."

"Halafu?"

"Zinaanguka."

"Zinaanguka tu," alisema Kasiva, na akatikisa kichwa kwa muda, akila.

Mwezi wa Septemba nyanya za nyuma ya jikoni zilianza kupungua kabla ya kuanguka. Nzilani alichunguza. Penye pengo la ua, kwenye udongo laini, palikuwa na alama ya kiatu cha kisigino chembamba, na Matiliku kuna mwanamke mmoja tu anayevaa kisigino chembamba siku ya kazi. Hilo lilikuwa swali ambalo Nzilani, kwa mara ya kwanza, hakuliuliza. Alilipanua lile pengo kidogo.

Mvua za Novemba zilikuja usiku wa siku tatu mfululizo na tangi likajaa mpaka likamwaga. Halikuinama. Nzilani alikuwa amechukua kokoto zilizobaki za Kitheka, akazimwaga kando ya ua mahali pakavu ambapo gata haifiki, akatia mbegu za Sauda katikati, na mvua ikafanya ilichofanya. Kufika Januari mvua zilikuwa zimesahaulika, miche ilikuwa imelala juu ya mawe, majani yamejikunja, rangi ya vumbi, na ilikuwa na mashada ya kwanza, bado ya kijani.

Kila asubuhi alifungua bomba la tangi. Alimwagilia mpapai, sukumawiki, mche wa mwarobaini ambao haukuomba. Kisha alijaza jagi la mwisho na miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye kokoto, kama ilivyozoea. Lita elfu kumi nyuma yake, na mbele yake kitu kinachoonekana kufa kwa kiu. Mkono wake wa kulia uliinuka kidogo. Hakuna kitu alichofundishwa tangu utotoni huko Kyuso kilichomwandaa kwa jambo lile.

Alisimama na jagi mpaka jua likafika kwenye ua. Kisha akayanywa maji mwenyewe, yote, akiiangalia ile miche.